Kula ya Baba

Harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ukichemka pamoja na mbaazi hunirudisha kijijini kwetu Kalama, katika Agosti moja ya miaka ya tisini, na hata leo huondoka jikoni kabla sijaona sufuria. Mwaka huo Mama, ambaye ni Mtaita, alikuwa amemsumbua Baba hadi akakubali twende Mombasa kwa dada yake Mama. Baba alipata likizo kiwandani, baba mdogo akaahidi kutubeba kwa pikapu yake, na nyumba ikajaa mipango: sanduku tutaazima wapi, kuku wangapi watasafiri. Sisi watoto watatu hatukuwa tumewahi kuona bahari. Lakini mbaazi zilikuwa zimekauka shambani, na Susu, mama yake Baba, hangeweza kuzivuna peke yake. Ilibidi mtoto mmoja abaki.

"Atakayebaki na Susu tutamjua kesho mchana kwa kula," Baba akatangaza. "Hakuna kupendelea mtu."

Nyumbani tuliongea Kiswahili kwa ajili ya Mama, ila ulimi wa Baba ulikuwa wa Kikamba, na Kikamba hakina r. Kaka zangu walimwelewa. Mimi, mtoto wa miaka saba niliyesifika kijiji kizima kwa kuchezea chakula, nilisikia hukumu yangu, nikaogopa kwelikweli. Kesho yake nilikula sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, jasho likinitoka, jicho moja kwenye sahani za Mutua na Kioko. Susu alifurahi, akaniongeza. Mama aliuliza kama niko na minyoo.

Nilipomaliza, Baba akavua kofia, akatia humo punje mbili za mahindi na kunde moja. Mwenye kunde angebaki. Mimi nikachomoa mahindi. Mutua akachomoa kunde, akaenda kulia nyuma ya ghala. Kumbe kula yenyewe ilikuwa kura. Nafasi ilikuwa mkononi mwangu, na tumbo tayari lilikuwa limeanza kunguruma. Asubuhi ya safari nilitapika, nikaapa kwamba nimepona, nikatapika tena nikiwa ndani ya pikapu. Baba akanishusha, Mutua akapanda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, tena kwa masikio yote mawili, na guu likavunjika vilevile. Nilivuna mbaazi nikimchukia Mutua, na sababu ya ugonjwa ule sikumwambia mtu, kwa aibu.

Siku hizi naishi Syokimau. Tikiti za treni ya Mombasa nazinunua kwa simu nikingoja chai ichemke, na wanangu hugombania dirisha tu. Juzi nilimpigia Baba, ambaye sasa anaishi Kalama na mbuzi wake, nikamwambia safari hii tunaenda naye.

"Na mbuzi nani atabaki nao?" akauliza. "Lazima mtu abaki. Pigeni kula."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikamsimulia habari ya ule muthokoi, kwa mara ya kwanza.

"Basi," akasema, "hao mbuzi watajua vile watafanya."