Mahindi ya Mbegu

Mwezi uliopita tulimzika bibi yangu kule Mahongole, Makambako, na tangu siku hiyo nasikia mchi unagonga kichwani. Usinicheke, rafiki yangu. Kama umekulia kwenye mashine ya kusaga, huwezi kujua mlio ule ulivyokuwa ukitupa habari za watu.

Bibi ndiye aliyenilea, maana mama alikuwa mgonjwa, leo nyumbani, kesho hospitalini Ikonda. Baridi ya Makambako ilitubana jikoni mimi na bibi, tukimenya viazi kando ya moto wa kuni za miti ya miwati huku malori yakinguruma barabara kuu. Bibi hakuwa mtu wa machozi. Kwenye kanisa letu la Kilutheri alikuwa mwanakwaya, uso mkavu, na ukimpa pole anaitikia tu, "Tumeshapoa." Lakini jambo likimkaba, alitoka stoo na ungo wa mahindi, akavuta kinu katikati ya uwanja. Alipotwanga kwa ajili ya chakula, mchi ulikwenda taratibu na wimbo juu yake. Alipotwanga kwa uchungu, hata kuku walihama.

Majirani nao walijua. Mchi ukisikika saa ambayo hakuna anayetwanga, mama jirani, Mkatoliki aliyebishana na bibi mwaka mzima kuhusu dini na kuku, aliacha shughuli zake akaja na mchi wake begani. Haulizi kitu, hata salamu yetu ya "kamwene" haitoi. Anasimama upande wa pili wa kinu, anasubiri mchi wa bibi uinuke, anashusha wa kwake. Wanapokezana hivyo mpaka jasho linawatoka na baridi yote ile. Wakishachoka wanakaa chini, bibi anatema nyongo, wa kusemwa anasemwa, wa kulaaniwa analaaniwa, na jioni anakuwa bibi tunayemjua. Wanawake wa mtaa wetu wote walifanyiana hivyo.

Sasa, mahindi yetu ya kula yalikaa stoo. Ya mbegu yalifungwa kwa maganda yake, yakaning'inizwa juu ya moto jikoni ili moshi uyakinge na wadudu. Hayo hayaguswi. Kuna mwaka tulikula viazi asubuhi na jioni, na mahindi ya mbegu yananing'inia pale juu yakitutazama. Ukiyala, utapanda nini?

Siku moja, mvua za kwanza zikiwa zimekaribia, mjomba alirudi kutoka Ikonda peke yake. Alisimama mlangoni na furushi la kanga za mama, na ile chupa ya chai tuliyokuwa tukimtilia uji. Bibi alipokea chupa, akaitikisa, akaiweka chini. Kisha akapanda juu ya kigoda, akashusha mahindi ya mbegu yote, akaanza kuyapukuchua.

"Mama, hayo ni ya..." mjomba akaanza.

Mchi ulipolia, mama jirani akafika. Alichungulia kinuni akaziona punje zilizopigwa moshi. Mkulima kama yeye hakuhitaji kuelezwa kwamba ugali wetu wa mwaka mzima ulikuwa mle ndani. Akainua mchi wake akapiga. Wakaja na wengine, wakapokezana, pumba zikiruka. Mimi nilikuwa nimekaa ukutani, mkavu, sijatoa hata chozi. Bibi akaniita, akaniwekea mchi wake mikononi.

"Twanga, mjukuu wangu. Litoe hilo donge, lisikuozee ndani."

Mchi ulinizidi urefu. Nilipiga, nikapiga, na kilio kikatoka ambacho sikujua kama ninacho. Hapo ndipo bibi naye alipolia. Unga ule ulipikwa ugali wa msiba wa mama yangu, na ulinuka moshi.

Siku ya kupanda ilipofika, majirani walikuja mmoja mmoja, kila mtu na mbegu kidogo kwenye pindo la kanga. Shamba letu mwaka ule lilitoa mahindi meupe, ya njano, na mengine mekundu, kila mtu akiyatambua ya kwake.

Basi, msiba wa bibi mwenyewe ulikuwa na viti vya plastiki, maspika na ratiba. Kila aliyenishika mkono aliniambia nijikaze, nami nikajikaza kweli. Watu walipotawanyika nilikikuta kinu nyuma ya choo, kimepasuka mdomo, kuku wananywea maji ndani yake. Nilikifuta kwa kanga yangu, nikatia mahindi, nikaanza kutwanga. Nilipiga nikiacha nafasi ya mchi wa pili. Mama jirani alishazikwa zamani. Upande wa kwake sasa kuna ukuta wa matofali, na nyuma yake redio ilikuwa inaongea.

Aliyekuja ni wifi yangu, mke wa kaka, mtu mwema kabisa. Alinishika bega kwa huruma.

"Wifi, unajitesa bure. Mashine si ipo hapo juu? Lete nikusagie, ni dakika mbili tu."

Nikamkabidhi mahindi, akaenda nayo. Alirudi na unga laini, mweupe, nikamshukuru. Lile donge ninalo hapa kooni mpaka leo.