Mbao za Kutelezea za Mtoto wa Bwana Barabara

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo halina ubishi, na siku Bwana Barabara aliponieleza alichotaka nimtengenezee mwanawe, nilikasirika mpaka nikaharibu ubao mzuri kwa randa. Hiyo ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilikuwa seremala katika karakana ya barabara pale Same, na kazi yangu ilikuwa mipini ya sururu, mikokoteni, madirisha ya nyumba za serikali, na jeneza mara mojamoja. Bwana Barabara, ndivyo tulivyomwita sote, alikuwa mkubwa wetu. Akanikunjulia karatasi yenye mchoro wa mbao mbili nyembamba, pua zimepinda kwenda juu, chini laini kabisa, na katikati mkanda wa kufungia kiatu.

"Za nini, bwana?" nikamwuliza.

"Za kuteleza juu ya theluji. Likizo yetu tutakaa majuma mawili milimani, kule Ulaya. Mimi, mama na mtoto. Nataka mtoto ajifunze hapa kwanza, kwenye majani makavu, ili akifika kule asipoteze siku."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minne.

Theluji tuliijua. Ukisimama Shighatini, kule kwetu milimani, asubuhi isiyo na mawingu unaiona juu ya Kibo, nyeupe pe. Lakini sikuwahi kumsikia mtu mwenye akili zake akipanga kumfunga mwanawe mbao miguuni, ampandishe mlimani, kisha amwachie. Kwetu Usangi, ambako nimezaliwa, kuteleza ni balaa. Njia zetu wakati wa masika ni sabuni tupu, na mtu akiteleza anapewa pole. Nikasema ndiyo bwana, kwa sababu mkubwa wako akitaka kitu unasema ndiyo bwana.

Nina sababu, na heri niitoe mapema. Mwanangu wa kike, wa pekee, alikuwa kilema wa mguu wa kushoto, na aliyemfikisha huko ni mimi. Alikuwa na miaka mitano wakati huo, tukiishi bado Usangi. Watoto wa kule wana mchezo wa kukalia ganda la mgomba na kuporomoka nalo kwenye nyasi. Mama yake alikuwa ameukataza kabisa. Siku moja mama mtu kaenda sokoni, mtoto akanibembeleza, baba nikatie na mimi, baba nikatie na mimi, nami nikamkatia ganda. Ningekomea hapo! Lakini mimi ni fundi, siwezi kuacha kitu kilivyo. Nikalichonga kingo, nikalisugua chini mpaka likateleza kuliko maganda yote ya kijiji. Alikwenda kasi, akapita pale wenzake walipokuwa wakisimama, akagonga mawe ya kingo za shamba. Mvunja mifupa aliuunga mguu, ukaungana upande.

Mama yake aliporudi, nilimwambia mtoto kateleza njiani akienda kisimani. Mimi na binti yangu tulikubaliana hivyo. Mwaka uliofuata nilitafuta kazi Same, na watu wakadhani nafuata mshahara. Nilifuata tambarare. Miaka mitatu mke wangu akimwona binti anachechemea alikuwa akisema, "Ona sasa, ndiyo faida ya kutembea bila kuangalia njia." Binti ananyamaza. Na mimi nanyamaza.

Basi fikiria mtu kama huyo anapewa kazi ya kutengeneza mbao za kumporomosha mtoto.

Nyumbani kwa Bwana Barabara maandalizi yalipamba moto. Nilikwenda kurekebisha mlango wa kabati nikamkuta mtoto amevalishwa sweta la sufu, kofia ya sufu na glavu, katika joto lile la Same la kukausha mate, ati wanajaribu kama vinamtosha. Uso ulikuwa mwekundu kama nyanya, jasho linamtiririka. Memsahibu, mkewe bwana, alikuwa akimvua, na bwana akisema amwache kidogo azoee. Wakaanza kubishana kwa Kiingereza. Sikuelewa maneno yote, lakini kukataa kwa mama hakuhitaji mkalimani. Bwana akanigeukia kama mtu anayetafuta shahidi.

"Mimi nilianza nikiwa na miaka mitatu, fundi. Mitatu! Na niko hapa."

"Ndiyo, bwana," nikasema, nikaendelea na bawaba zangu.

Kesho yake memsahibu alikuja karakana peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akazitazama zile mbao. Nilikuwa nimezichemsha pua kwenye pipa la maji na kuzibana kwenye kigogo zipinde. Akapitisha kidole chini, pale palipokuwa laini.

"Fundi," akasema polepole, "mbao hizi haziwezi kuchelewa?"

"Kuchelewa mpaka lini, memsahibu?"

"Mpaka tuondoke."

Nikamwelewa mara moja. Nikamwambia mti ule bado mbichi, na mbichi ukikauka unapinda vibaya. Uongo mtupu, ulikuwa mninga mkavu wa miaka. Yeye naye alijua ni uongo. Akasema asante, akaondoka haraka kabla wenzangu hawajaanza kuuliza maswali.

Nikachelewesha. Juma la kwanza nikasema mti mbichi. La pili nikasema mikanda imekatika. Ninapodanganya masikio yangu yanakuwa ya moto, na sijui kama yule bwana aliliona hilo, lakini la tatu alikuja akasimama mbele ya meza yangu, mikono kiunoni.

"Jumamosi, fundi. Saa tisa mchana. Kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba yangu. Kama hazijawa tayari, Jumatatu usije kazini."

Loh! Sasa ningefanyaje? Nikazimaliza. Nikazipiga msasa, nikazipaka mafuta ya kitani, na kwa kweli zilipendeza, nisijisifu bure. Lakini kila nilipozigeuza na kuona ule ulaini wa chini, nilizigeuza tena upesi. Hapo ndipo wazo lilipokuja. Watu wa milimani tunajua kwamba chochote unachokivaa kwenda mteremkoni lazima kishike. Ndiyo maana tunavaa katambuga za matairi na kushuka nazo mpaka Kifaru, kule tambarare, mzigo kichwani, mvua inanyesha, bila kuanguka. Nikajiambia huyu aliyechora kasahau breki. Labda theluji ya kwao inashika yenyewe, lakini majani makavu hayashiki. Fundi mzuri akiona mchoro umepungukiwa anaukamilisha, haungoji kuambiwa. Nikatafuta tairi kuukuu la lori, nikakata vipande vyenye meno mazuri, nikavipigilia misumari chini ya kila ubao, kutoka kisigino mpaka kidoleni. Nikajaribu kuusukuma mezani. Haukwenda hata inchi moja. Nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze.

Jumamosi nikazipeleka. Mke wangu alijua sitarudi kula, akaniletea chakula kule kule mteremkoni, amemshika binti yetu mkono. Binti alikuwa na miaka minane sasa. Wakakaa pembeni kwenye jiwe, bakuli limefungwa kitambaa. Memsahibu alisimama chini ya mteremko akimngoja mwanawe. Mtoto mwenyewe alikuwa juu, anarukaruka kwa furaha, buti zinampwaya.

Bwana Barabara akazipokea zile mbao, akazisifu. Akapapasa pua, akavuta mikanda. Kisha akazigeuza.

"Nini hii?"

"Breki, bwana."

"Breki?"

"Mchoro ulisahau, bwana. Nimeongeza."

Akanitazama, akatazama tairi, akanitazama tena. Kwanza nilidhani atacheka. Badala yake akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Umeniharibia! Majuma matatu nangoja, halafu unaniletea viatu vya punda! Hizi ni za kuteleza! Toa. Toa zote, sasa hivi, hapa hapa."

Akachukua koleo la misumari katika vifaa vyangu, akanitupia. Nikapiga magoti nikaanza kung'oa misumari. Mninga ni mti mgumu, misumari inatoka kwa kelele. Nikatoa kipande cha kwanza, cha pili. Ubao mmoja ukabaki mtupu, unang'aa kwa mafuta niliyoupaka mimi. Bwana hakungoja wa pili. Akamfunga mtoto ule mmoja mguuni, akasema leta mwingine. Mtoto akaanza kuuburuza mbele na nyuma akicheka, na nikaona unavyokwenda. Ulikwenda vizuri mno. Nilikuwa nimeufanya vizuri mno, kama lile ganda.

Nikasimama. Koleo bado mkononi.

"Siwezi, bwana."

"Huwezi nini?"

"Kutoa hizi zilizobaki. Nifukuze. Jumatatu sitakuja, sawa, usihangaike hata kuniita. Lakini huyu mtoto hashuki hapa kwa mbao nilizolainisha mimi."

Karibu anipige, nadhani. Mkono ulinyanyuka. Kutoka chini memsahibu akaita jina la mumewe, mara moja tu, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Yeye akaniuliza, si mumewe, "Kwa nini, fundi?"

Ningeweza kusema majani ni makavu sana. Ningeweza kusema kuna mawe. Lakini nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika siwezi kupanga uongo. Nikamnyooshea kidole binti yangu pale kwenye jiwe.

"Mwoneni yule. Mguu ule nimeuvunja mimi. Nilimkatia ganda la mgomba la kuteleza, nikalisugua likalainika, nikamkalisha juu yake. Hakuteleza njia ya kisimani. Nilisema uongo."

Nilisema kwa Kiswahili, kila mtu akasikia. Bwana Barabara akashusha mkono. Hakunifukuza, si siku ile wala baadaye. Aliinama akamfungua mtoto mkanda, na mtoto akaanza kulia akitaka ubao wake. Sikujua kama walikwenda kuteleza huko Ulaya au hawakwenda, kwa sababu sikuuliza, na waliporudi kutoka likizo sikutaka kuuliza. Siku ile sikuwa nikiwatazama wao.

Mke wangu alikuwa amesimama. Niliona ameliweka bakuli chini, juu ya majani. Nilijua atakuja kunitukana mbele ya wazungu, na nilikuwa tayari, hata niliitamani hiyo kelele yake. Hakuja. Alichuchumaa mbele ya binti yetu, akamshika magoti yote mawili.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote hii nakugombeza. Nakuita mzembe. Mbona hukuniambia?"

Binti akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Baba aliniambia nikisema, utatuacha," akajibu.

Nami miaka mitatu nilikuwa nikijiambia kwamba tulikubaliana. Mtoto wa miaka mitano, mguu umefungwa vijiti, homa imempanda, ndiye niliyekubaliana naye. Mama yake akambeba mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe, wakashuka kwenda nyumbani, na mimi nikabaki pale juu sijui nianze kutembea lini.