Mwangwi Mmoja kwa Kwaya Nzima

Bernadetta alikuwa mtu wa kwanza Mirongo kuwa na kompyuta isiyochapa barua. Nalitaja hilo kwa sababu mwaka ule wa 1999 kila aliyepata kompyuta mjini Mwanza alifungua duka la kuchapa: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya misiba. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na watu walipoachiwa huru wakaanza kuigana. Yeye aliiweka yake kwenye chumba cha uani, akapigilia mablanketi ukutani, akaandika mlangoni kwa chaki: STUDIO. KIMYA TAFADHALI. Wapo majirani waliodhani amefungua zahanati.

Alikuwa Mhaya aliyeolewa Mwanza. Miaka mingi alifanya kazi kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi wa mashine za kufuma ambako kelele haikuruhusu kusikia hata kikohozi chako mwenyewe. Wenzake walikuwa wakiongea kwa kusomana midomo. Kiwanda kiliposimama akapunguzwa pamoja na wengine, akakaa nyumbani, na huko nyumbani, aliniambia, ndiko alikogundua kwamba dunia ina sauti. Akaanza kurekodi kila kitu kwenye redio kaseti ya mumewe: mvua kwenye bati, wauza dagaa, watoto wakihesabu. Kaka yake, Kahigwa, mfanyabiashara wa kahawa wa Bukoba, ndiye aliyemnunulia kompyuta. Mumewe alisema afadhali hiyo kuliko kumaliza kaseti zake.

Mimi naitwa Nkwabi, katibu wa kwaya ya Kiseke na mwimbaji wa sauti ya nne, ile nzito ambayo watu huikumbuka siku ikikosekana. Sina subira, na mke wangu atakuambia hivyo kabla hujamuuliza.

Kwaya yetu ina ugonjwa mmoja: usawa. Hata soda tukigawana, macho yote yako kwenye glasi. Kanda yetu ya kwanza tuliirekodi kwa fundi mwingine, kwa maikrofoni moja iliyosimamishwa katikati. Waliosimama karibu nayo walisikika vizuri, na waliosimama pembeni walisikika kama wamebaki ng'ambo, Busisi, wakisubiri kivuko. Ugomvi wake ulidumu kuliko kanda yenyewe. Kwa hiyo Bernadetta alipotuambia kwamba kompyuta inaweza kumrekodi kila mtu peke yake, kwenye mstari wake mwenyewe, tulimpigia makofi.

Basi tukaanza kuingia mmoja mmoja chumbani, kila mtu na hedifoni kichwani, anaimba sehemu yake huku wengine wakisubiri uani wakila karanga. Kazi ilikwenda vizuri mpaka zamu ya Mama Mhoja, mwenyekiti wetu. Alipomaliza kuimba, Bernadetta akamsikilizisha sauti yake ikiwa na mwangwi.

Mwangwi ni moja ya yale aliyoyaita madoido. Ni programu ndogondogo zinazopachikwa ndani ya ile programu kubwa ya kurekodia. Doido moja huifanya sauti isikike kama uko kwenye kanisa kubwa, jingine huinenepesha, jingine huondoa mikwaruzo. Binamu yake wa Dar es Salaam alimletea diski iliyojaa madoido, naye akayaingiza yote, hata yale ambayo hakujua kazi yake.

Mama Mhoja alitoka chumbani ametabasamu kuliko siku ya harusi ya mwanawe.

"Mwanangu," akamwambia Bernadetta, "mimi hili la kanisa kubwa uniachie."

Alilisema mlangoni, mbele yetu sote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ngosha wa sauti ya tatu akataka lake. Dada zake wawili wakataka. Mimi, kwa heshima ya ofisi ya katibu, nikataka pia. Bernadetta hajui kusema hapana. Akampachikia kila mtu mwangwi wake, kwenye mstari wake, akaongezea na lile la kunenepesha kwa waliokuwa na mafua.

Kompyuta ikaanza kuzeeka mbele ya macho yetu. Ukiifungua asubuhi, ilisoma madoido yote moja baada ya jingine, na chai ilichemka kabla haijamaliza. Ukibonyeza kitu, ilifikiri kwanza. Uliimba "aleluya", na hedifoni ikakurudishia aleluya yako wakati wewe umeshafika mstari unaofuata, ukabaki unagombana na nafsi yako. Tulipotaka kusikiliza wimbo mzima, ulikatika vipandevipande kama mtu anayeongea juu ya baiskeli kwenye mawe.

Wiki hiyohiyo Kahigwa akapiga simu dukani kwa jirani. Alisema anakuja Jumamosi kwa meli. Amevumilia muda mrefu, kompyuta haijatoa hata kanda moja, na mjini Bukoba watu wanapanga foleni kuchapiwa barua. Kama hatakuta wimbo uliokamilika, anaichukua. Si mtu mbaya, Kahigwa. Alikuwa mtu wa biashara, na alichosema kilikuwa na haki yake.

Bernadetta alinieleza hayo akiwa ameshika birika kwa mikono miwili.

"Nkwabi, akiichukua narudi sebuleni kusikiliza saa ya ukutani," alisema.

Nilimhurumia sana. Nilimpenda kama dada, kwa hiyo nikamwambia chai ni tamu.

Kwaya nzima ikageuka mafundi. Ngosha akasema ni vumbi. Tukaifungua, tukakuta vumbi kweli na mende mmoja aliyekufa siku nyingi, tukapuliza, tukafunga. Haikubadilika. Mwingine akasema ni umeme wa Mirongo, akaleta kifaa cha kusawazisha umeme kutoka kwenye friji ya shemeji yake. Friji ikaanza kusumbua, kompyuta ikabaki vilevile. Ndalahwa, anayeimba nami sauti ya nne, akanivuta pembeni.

"Katibu, hawa wapinzani wetu wa kwaya nyingine wametuchezea," akasema. "Hii si bure. Tuiombee."

Tuliiombea. Tulipofika amina ikaganda kabisa, hata kishale hakikusogea. Bernadetta akaizima, akaiwasha, akagundua kwamba wale samaki wazuri waliokuwa wakiogelea kwenye kioo kila mashine ikitulia nao walikuwa wanakula nguvu yake. Akawaondoa. Wimbo ukasogea kidogo, ukakwama tena. Tuliwapenda wale samaki, na kwaya ikanung'unika kwa ajili yao pia.

Hapo ndipo alipotufukuza. Sikuwahi kumwona amekunja uso kabla ya siku ile. Alinibakiza mimi peke yangu, nadhani kwa sababu nilikuwa nimekalia kiti cha pili na sikuonyesha dalili ya kuinuka.

"Kiwandani," alisema, "nguo ikitoka na kasoro huipigi mashine, wala huiombei. Unaisimamisha, unafuata uzi mmoja mmoja mpaka uukute ule uliokwama."

Akazima madoido yote. Tukasikiliza. Wimbo ukatiririka kutoka mwanzo hadi mwisho, mkavu, sauti kama zimeanikwa juani, lakini haukukatika hata mahali pamoja. Akarudisha mwangwi wa Mama Mhoja. Sawa. Akarudisha wa Ngosha. Sawa. Akaendelea hivyo, anarudisha mmoja, tunasikiliza, anarudisha mwingine, tunasikiliza, na mimi nikiomba kimoyomoyo mkosaji asiwe mimi. Alipofika katikati ya sauti ya pili, wimbo ukaanza kuchechemea. Akauondoa huo wa mwisho, akaweka mwingine badala yake. Ukachechemea vilevile. Akajaribu wa tatu. Hali ileile.

Akaegemea kiti. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Hakuna uzi uliokwama," akasema. "Kila mwangwi ni kanisa zima ambalo mashine inalijenga upya kila sekunde. Na mimi nimemjengea kila mtu kanisa lake."

Nikacheka. Yeye akanigeukia.

"Jumapili mnaimba kwenye makanisa mangapi?"

"Moja."

"Basi."

Akaondoa miangwi yote. Akaweka mmoja tu, mwishoni, akaelekeza sauti zetu zote zipite hapo. Yale madoido ambayo hakuyatumia akayahamishia mahali ambapo programu haikuyaona, nayo ikawa inafunguka kabla hujakaa sawa kwenye kiti. Lakini haikutosha. Mistari yetu yenyewe ilikuwa mingi mno kwa mashine ile ndogo, na wimbo ulipofika kwenye kiitikio, ambako sote tunaingia pamoja, ulikuwa bado unatetereka. Njia ilikuwa moja: kuunganisha kila kundi, sauti ya kwanza wote mstari mmoja, ya pili mmoja, hivyohivyo mpaka ya nne. Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa, hakuwa na pa kuweka nakala. Akishaunganisha, hakuna atakayeweza kutolewa tena, wala kupandishwa sauti, wala kupambwa peke yake.

"Siwezi kufanya hivyo bila wao kukubali," akasema. "Ni sauti zao."

Nilijua maana yake. Watu hawa walikuwa wamegombana kwa ajili ya mistari ile, na leo anawaomba wairudishe. Nikaitisha mkutano Ijumaa baada ya mazoezi.

"Shikamoo mama," Bernadetta akaanza kwa mwenyekiti.

"Marahaba. Kwa hiyo nilipoambiwa nina mwangwi wangu, nilidanganywa?"

"Hukudanganywa, mama. Ulikuwa nao. Kila mtu alikuwa na wake, na ndiyo iliyoishinda mashine."

"Na mimi nikichanganywa na hawa," akadakia Ngosha, "nani atajua kwamba niliimba?"

Watu wakaitikia kwa kuguna. Nikamwona Bernadetta anatafuta maneno ya kuwabembeleza, kisha akayaacha.

"Kesho kaka yangu anakuja kuichukua kompyuta," akasema. "Mkikataa sitawalaumu, kosa ni langu, niliwapa nisichoweza kuwapa. Lakini naipenda kazi hii, na naogopa kuipoteza. Siwezi kumridhisha kila mtu peke yake. Naweza kuwarekodi kama mnavyoimba."

Mama Mhoja akafunga khanga yake upya, polepole, kama anayejiandaa kwa safari.

"Unganisha," akasema. "Ila nikisikia Ngosha kanizidi, tutaonana."

Jumamosi Kahigwa alifika akiwa na mwenye mkokoteni aliyemkodi bandarini na maboksi matupu ya kufungia kompyuta. Akatukuta kwaya nzima tumejazana uani, wengine wamekalia ndoo, wengine wamesimama, spika zimetolewa dirishani. Akamsalimia dada yake, akasimama na boksi lake kwapani. Bernadetta akabonyeza.

Wimbo ukaanza. Haukukatika. Nikawaona wenzangu wameinamisha vichwa, kila mtu anajitafuta, kwa sababu ndicho tulichozoea kufanya tukisikia kanda: unajitafuta, ukijipata unafurahi, usipojipata unanuna. Nami nikajitafuta. Sikujipata popote. Nilichokisikia ni kitu ambacho kwa miaka yote nilikuwa nimesimama ndani yake na sikuwahi kukisikia kutoka nje. Kilikuwa kizuri mno.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Mhoja akamgeukia Bernadetta.

"Mimi niko wapi hapo?"

"Umo, mama."

"Sijaisikia sauti yangu."

"Hata mimi yangu sijaisikia," akasema Ngosha.

Nikajua yamekwisha. Bernadetta akatazama chini, na Kahigwa akahamisha boksi kutoka kwapa hili kwenda lile. Mama Mhoja akajifuta macho kwa pindo la khanga, bila kujificha.

"Ningeisikia peke yake, ningekuwa nimekosea kuimba," akasema. "Rudisha mwanzo."

Wimbo ukarudi mwanzo. Kahigwa akasikiliza mpaka kiitikio, akaweka boksi chini, akatutazama tulivyokaa juu ya ndoo, kisha akamwita mwenye mkokoteni.

"Nenda pale kwa mama ntilie," akamwambia, "uazime mabenchi. Watu wazima hawa wamekalia ndoo."