Nililifunga Goti la Mugisho Nikijua Limechanika

Nilichokifanya ni uovu, na naomba usinitafutie udhuru. Wapo walionitafutia bila kujua wanachosamehe, na huruma yao ndiyo inayonimaliza zaidi. Leo nasema yote, unisikie mpaka mwisho ndipo unitukane.

Mimi ni Mkenya, mwanasoka mstaafu, na makao yangu ni hapa Kampala. Maisha yangu yote nimecheza namba tatu, beki wa kushoto. Ni kazi isiyo na sifa. Unapanda na mstari kusaidia mashambulizi, mpira ukipotea unarudi mbio kumkaba winga, na jioni hakuna anayekutaja isipokuwa siku uliyopitwa. Lakini niliipenda. Klabu moja ya hapa ilinileta, nikakaa, nikawa naitwa "Kenya" mpaka na wauza chapati wa mtaani kwetu.

Kisha akaja Mugisho. Hilo si jina lake la kweli, nimelibadilisha. Ni Mkongo, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu, na alikuwa akiishi Namuwongo karibu na reli. Naye namba tatu. Kijana alikuwa na mapafu ya ajabu. Alikuwa akipanda, anapiga krosi, na kabla hujageuza shingo ameshafika nyuma kukaba. Mimi nikipanda mara mbili nashika kiuno.

Cha kuudhi ni kwamba alikuwa na adabu. Aliniita "kaka mukubwa," akanibebea mipira, akaniuliza kila kitu. Wakati huo kocha alikuwa ameanza kumpanga yeye, mimi nikikaa benchi na tracksuit yangu imefungwa mpaka kidevuni. Nilicheka naye mchana kutwa. Nikifika nyumbani, mke wangu akiniuliza kulikoni, namjibu kwa hasira.

Siku moja mazoezini alianguka peke yake, akainuka, akaendelea. Tulipomaliza alinisubiri wenzetu watoke chumba cha kubadilishia nguo. Akapandisha bukta.

"Kaka, goti yangu inacheza kwa ndani. Ninasikia kama kitu inatoka mahali pake, halafu inarudi. Weye uko mukubwa, umeona mingi. Nimwambie daktari?"

Nililishika. Lilikuwa limelegea kama mlango ulioachia bawaba. Na hapa ndipo ukomee, msomaji, maana hapa ndipo nilipo mpaka leo. Nilijua. Mimi mwenyewe niliwahi kuumia vivyo hivyo nikiwa bado kwetu Kenya. Kano ya ndani ilichanika kidogo, daktari akanikalisha nje, akanikataza kukimbia, akaniambia nikicheza itakatika yote na mpira wangu utaishia hapo. Nilitii, nikapona, nikarudi uwanjani. Kwa hiyo usiniambie nilikosea kwa kutojua.

Nikamwambia, "Ni mishipa tu imejivuta. Funga bandeji, ucheze. Ukimwambia daktari watakuandika majeruhi, na wewe ni mkimbizi, mkataba wako mfupi. Nani atakusubiri?"

Maneno ya mwisho yalikuwa kweli, ndiyo maana alinielewa upesi. Uongo wangu niliuvika ukweli wake. Nikachukua bandeji yangu mwenyewe, nikapiga magoti mbele yake, nikamfunga vizuri. Nikamfundisha akimbie nyuma ya wenzake wakati wa kupasha misuli moto, daktari asione anavyokanyaga. Akanishika bega akasema, "Mungu akubariki, kaka."

Nilitaka aumie. Nimejaribu kuliandika hilo kwa namna nyingine, nimeshindwa.

Mechi zilizofuata alicheza, na alicheza vizuri. Mimi benchi, macho yangu hayafuati mpira, yanafuata lile goti. Wenzangu wakishangilia krosi zake mimi natazama anavyotua. Hata leo siwezi kukuambia mechi hizo ziliishaje.

Ikaja mechi ya nyumbani, uwanja umejaa, jua kali. Mugisho alipanda, krosi ikazuiwa, wakatupiga shambulizi la kushtukiza upande wake. Akarudi mbio, akamfikia winga, akakita mguu wa kushoto ageuke. Hakuguswa na mtu. Alikwenda chini, na ukelele alioupiga ulifika mpaka benchi.

Kocha aligeuka kuniita. Alinikuta nimeshasimama, tracksuit nimeshaivua.

"Eh, Kenya, wewe iko tayari mbio mbio," akasema, kwa Kiswahili chake cha Kampala. Hakuwa na maana mbaya. Mimi nilihisi nimevuliwa nguo zote mbele ya watu.

Walimpitisha kando yangu kwenye machela. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na machozi. Aliunyoosha mkono, akaushika wangu, akasema, "Ingia, kaka. Usiache upande yetu wazi."

Upande wetu. Niliingia, tukashinda, nikapongezwa.

Daktari wa timu alimpima akakasirika. Alisema jeraha lilikuwa la zamani, na kama angepumzika mapema lingepona. Akamuuliza nani alimruhusu kucheza. Mugisho akajibu kwamba ni yeye mwenyewe, hakumwambia mtu. Mkataba ulipokwisha hawakumwita tena.

Mimi nafasi yangu niliipata. Lakini sikiliza kilichonipata mimi. Kila winga aliponijia na nikapaswa kugeuka, nilisikia ule ukelele. Mguu wangu mzima kabisa ukakataa kukita. Nikaanza kugeuka kwa hatua ndogondogo kama mtu anayetembea kwenye utelezi, na mawinga wakagundua. Nikaacha kupanda. Kocha akanipigia kelele, "Kenya, wewe naogopa nini?" Mpira wangu ukafa bila jeraha hata moja mwilini. Niliachwa, nikapata kazi ya kufundisha michezo shule moja pale Kibuli, na huko pia, mtoto akianguka, naondoka uwanjani ili wengine wamwinue.

Mugisho sasa anauza viatu vya mitumba sokoni Nakivubo. Anakaa kwenye stuli, mguu ameunyoosha mbele, wapita njia wanauruka. Hanichukii. Anaamini nilimshauri vibaya kwa kutojua tu, na hilo amelifunika ili nisione haya. Nikipita ananichagulia viatu vya wanangu, anakataa malipo.

Juzi Jumapili alinialika kanisani kwao, Namuwongo. Walipofika kwenye ushuhuda akasimama na fimbo yake, akamshukuru Mungu kwa kumpa kaka katika nchi ya ugeni. Akaomba nisimame watu wanione. Nikasimama. Kanisa zima likapiga makofi, na mama mmoja mzee akanishika kichwa kunibariki. Nilitamani sakafu inimeze, lakini nilitabasamu.

Baadaye tukaenda kula kwake. Mkewe alikuwa amepika bugali na sombe, kisamvu cha kwao. Ni mwanamke mpole, ananiita shemeji. Katikati ya chakula akaweka mkono wake chini, akanitazama.

"Shemeji, nikuulize kitu. Daktari alisema kama goti ingetibiwa mbele, mapema, ingepona. Mbele ya ile mechi ulikuwa naye kila siku. Hakukuambia kama inamuuma?"

Mugisho hakuinua macho. Akasema haraka, kabla sijafungua mdomo, "Nilikuambia, mama. Sikumwambia mutu."

Mkewe akangoja jibu langu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ndugu yangu. Neno moja tu lilihitajika.

Nikasema, "Hakuniambia."

Mkewe akatikisa kichwa, akamgeukia mumewe. "Unaona? Ni kiburi yako. Kiburi yako ndiyo inatukalisha hivi." Alisema bila kelele, kwa sauti ya mtu aliyelisema jambo hilo miaka mingi. Mugisho akaitika, "Ndiyo, mama," akaniongezea sombe kwenye sahani. Nikala. Niliimaliza yote.

Tangu siku hiyo sijapita Nakivubo. Nazunguka mbali kwenda kazini. Nimemaliza mguu wake, na sasa nakaa mezani pake nikimvunjia heshima mbele ya mkewe.

Wewe unayecheza, au unayefanya kazi yoyote yenye kiti kimoja na watu wawili, nakuonya. Mwenzako akija kukuonyesha panapomuuma, mwambie ukweli hata kama atapona akuchukulie nafasi. Nafasi itaondoka tu, nakuapia. Yangu iliondoka. Kilichobaki ni yule mtu kuendelea kukushukuru, na hujui utaishi vipi na shukrani hiyo.

Na wewe shemeji, kama kuna atakayekusomea haya, mumeo hana kiburi. Aliniambia. Aliniambia siku ileile ya kwanza, na akaniuliza kama aende kwa daktari.