Mshipa Uliotokea Kwingine

Aliyenikata ni yule daktari kijana wa hospitali ya wilaya. Jina lake nalijua, na siku moja nitamwambia usoni. Nilikwenda kutolewa mfuko wa nyongo wenye mawe, kazi ambayo mwenyewe alisema ni ndogo. Akakata mshipa aliodhani ni wa nyongo, damu ikafoka. Akanijaza vitambaa tumboni, akanifunga, nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Mbeya. Mke wangu akaambiwa eti damu yangu ni nyepesi, haigandi. Nyepesi! Na yeye akaamini.

Mbeya nilipokewa na daktari mama. Huyo hakukimbilia kisu. Vitambaa vilikuwa vimezuia damu, akanipitisha kwanza kwenye mashine ya picha, kisha akaja na picha zenyewe kitandani.

"Baba, kwa watu wengi mshipa wa ini unatoka hapa juu. Wako wa kulia umetokea huku chini, kwenye mshipa wa utumbo, ukapanda kupitia jirani na nyongo. Mwenzangu hakuutegemea."

"Daktari, mimi mfugaji wa Usangu, nimechinja tangu utoto. Matumbo si ni yale yale?"

"Na mishipa yake uliwahi kuifuata?"

"Nafuata nyama."

Akacheka. Na mimi nikacheka, kidonda kikanikumbusha nilipo. Nikamuuliza kama nitapona.

"Vitambaa lazima vitoke, na vikitoka damu inaweza kurudi. Ila sasa najua inakotokea."

Nikakubali. Aliufunga ule mshipa, ini likabaki zima, nikarudi nyumbani.

Lakini lile swali lake halikuniacha. Sasa nikichinja mbuzi siharakishi. Natoa ini na utumbo kwa pamoja, naufuata mshipa kwa kidole mpaka unakoanzia. Majirani wananong'ona kwamba nasoma matumbo, kama waganga wetu wa kule kaskazini tulikotoka wanavyosoma kuku. Mke wangu naye huja na sufuria: "Mganga, ramli inasemaje? Watu wana njaa!"

Mbuzi wengi nimewaona wanafanana. Juzi nikapata mmoja, kidole kikashuka, kikazidi kushuka, mpaka kwenye mshipa wa utumbo.

"Mama watoto, njoo umwone mwenzangu."

Akainama na sufuria yake. Akaufuata mshipa kwa kidole chake mwenyewe, akarudia.

"Kumbe damu yako haikuwa nyepesi," akasema.

Tangu siku hiyo, na yeye anamtaja yule kijana kwa jina.