Picha Moja Inamtosha

Anastasie, muuza maharagwe wa soko la Kabambare, amemzoea jirani yake, fundi wa simu aliyekimbia vita kwao, ambaye huwawekea wachimba dhahabu filamu za kutisha kwenye simu. Wateja hawachoki kumjaribu. Humwonyesha picha moja tu ya filamu, kidole gumba kikiziba jina: pazia, ngazi, kiti kitupu. Fundi huitupia jicho, hupuliza vumbi kwenye chaja, kisha husema taratibu, "Ile ya mapacha." Hakosei hata siku moja.

Jana Anastasie alimwuliza, "Na wale mapacha, fundi, wanapona?"

"Sijui, mama. Mulango ukianza kufunguka peke yake, mimi nazima."

"Mwisho wewe hauangaliaka?"

Akaipuliza tena chaja, ingawa vumbi lilikuwa limekwisha.

"Mwisho nilishauona kule kwetu."