Darasa la Kufunga Macho

Mwalimu wetu alisema tufunge macho, na mimi nikakataa. Sikukataa kwa mdomo. Niliinamisha kichwa kama wenzangu, nikaacha jicho moja wazi kidogo, la upande wa kushoto, kwa sababu upande huo ndiko mume wangu alikokuwa amekaa. Mtu anayedhani ningefunga yote mawili hajawahi kuishi na mgonjwa ambaye ukienda kukamua ng'ombe hujui kama utamkuta ukirudi.

Kozi yenyewe ilikuwa mjini Eldoret, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kliniki moja, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Daktari aliyekuwa akimpa mzee wangu dawa ndiye aliyetutuma. Alisema aendelee kumeza dawa, lakini kuna pia darasa la kutuliza akili, mtu anafundishwa kukaa na pumzi yake na mwili wake pale alipo bila kukimbizana na mawazo. Wagonjwa wanakuja, na wanaowatunza wanakuja. "Hata wewe, Mama, unahitaji," aliniambia. Nikamwambia mimi siumwi. Akaangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa ikikunja na kukunjua mkanda wa mkoba tangu tuingie, kisha akatuandikisha wote wawili.

Mzee wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu Ziwa, akastaafu, akabaki na mahindi na ng'ombe. Ugonjwa ulimjia baada ya mavuno mazuri. Hili nalitaja kwa makusudi, maana watu walinichosha kwa kutafuta sababu. Mara amerogwa. Mara ni kustaafu. Mara labda kwa ile nyumba hakuna amani, na hiyo najua ilitoka kwa nani, bado nitamjibu siku moja. Hakuna aliyekufa, hakuna kilichoibiwa. Aliacha tu kwenda kuangalia ng'ombe, halafu akaacha kunyoa ndevu, halafu akaacha kumaliza sentensi. Kwenye redio wanaita sonona. Mimi sikuwa na jina lake, nilikuwa naogopa tu.

Halafu asubuhi moja nikamkuta amesimama ndani ya stoo ya shamba. Hakuwa ameshika kitu. Alikuwa anaangalia rafu ya chini. Nikamuuliza, "Unatafuta nini?" Akasema, "Hakuna." Akanipita akaenda kukaa kwenye kiti chake. Siku hiyo hiyo nilitoa vitu fulani kwenye ile stoo nikavipeleka kwa jirani. Sitavitaja, mtu yeyote wa shamba anavijua. Na tangu hapo sikumuuliza tena neno lolote la maana, kwa sababu niliogopa jibu. Nikawa namwangalia.

Nilimwangalia mpaka nikawa mgonjwa wa kuangalia. Nikipika, mlango wa jikoni ulikuwa wazi hata kukiwa na ile baridi yetu ya Julai. Nikikamua, nilimgeuza ng'ombe ili nione mlango wa sebule kati ya miguu yake, na ng'ombe alinichukia kwa hilo, akawa anapiga ndoo teke. Mzee akikawia chooni nilipita nje nikijifanya naokota kuni, nikikohoa ili na yeye akohoe. Asipokohoa, nilikohoa tena kwa nguvu zaidi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliishi nikingoja huo mshindo.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapelekwa kwenye darasa la kimya.

Tulikuwa watu wachache, viti vya plastiki vimepangwa duara. Mwalimu alikuwa msichana wa umri wa kitindamimba wetu, mwenye sauti ya chini na kikengele kidogo cha shaba mezani. Tulimwita Madam. Siku ya kwanza alitugawia kila mtu punje ya mahindi ya kuchoma, akasema tuiangalie, tuinuse, halafu tuiweke mdomoni bila haraka ya kuitafuna. Mimi niliyezaliwa kwenye mahindi nikaambiwa niangalie mahindi kama mgeni. Nilitafuna yangu nikameza kabla hajamaliza kueleza. Mzee wangu hakumeza. Tulirudi nyumbani, tukafika hadi kwenye zizi, na ile punje bado ilikuwa ndani ya shavu lake. Mtu mwingine angecheka. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikalia, nikidhani sasa amesahau hata kula.

Wiki nyingine Madam alitugeukia sisi watunzaji. Akasema kama unaogopa kwamba mtu wako anaweza kujidhuru, usizungukezunguke, muulize waziwazi, kuuliza hakuingizi wazo kichwani mwake. Nilisikia vizuri kabisa, nikaliweka kando kama watu wanavyoweka kando mahubiri ya zaka. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na kikengele. Ungekuwa wewe unayelala kando yake, ungeuliza?

Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza. Alhamisi ninayoikumbuka, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na ukumbi ulikuwa na giza kidogo. Madam alisema leo tutakaa kimya kirefu kuliko siku zote, na kikengele kikilia tutafungua macho polepole. Tukakaa. Jicho langu la kushoto likafanya kazi yake. Mzee alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja, koti lake la kijivu limefungwa hadi juu, na nilihesabu kupumua kwake badala ya kupumua kwangu.

Kando yangu alikaa mama mmoja kutoka Kaptagat aliyekuwa akimtunza mwanawe. Mama wa kanisa kweli kweli, wa kitambaa cheupe na Biblia kwenye mfuko wa plastiki. Sasa, huku kwetu watu wazima wakikaa duara, wakainamisha vichwa, wakafunga macho, hiyo ina maana moja tu. Na kengele ikilia, kengele ni ya kuita watu waombe. Kwa hiyo Madam alipogonga kikengele ili tufungue macho, yule mama alisimama akainua mikono, akasema, "Baba katika jina la Yesu," na ukumbi mzima ukalipuka. Kila mtu alisimama akaomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja, kwa Kiswahili, kwa Kikalenjin, kwa Kiluhya. Huyu analia, huyu anakemea pepo wa huzuni, huyu anashukuru. Madam alisimama na kikengele mkononi. Angefanya nini? Binti wa umri ule hawezi kuwakatiza akina mama katikati ya maombi, hata awe na digrii ngapi.

Na macho yangu yakajifunga yote mawili. Sikuyaamuru. Marehemu mama yangu alikuwa akimfinya sikio mtoto yeyote aliyefumbua macho kwenye maombi, na mwili haujasahau. Niliomba siku ile kama sijawahi kuomba. Nilimwambia Mungu nimechoka. Nilimwambia ninamwogopa mume wangu mwenyewe, si kwamba atanipiga, naogopa kwamba ataniacha bila kuaga. Machozi yalinishuka mpaka shingoni na nikayaacha yashuke.

Tuliposema Amina nilifungua macho, na kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

Sikupiga kelele. Watu hudhani mtu hupiga kelele. Niliinama nikaangalia chini ya kiti, kama mtu aliyeangusha kitambaa. Halafu nikatoka. Soja wa geti alikuwa anakunywa chai. Nilimuuliza kama ameona mzee mwenye koti la kijivu, akasema hakuna mtu amepita hapo. Basi alikuwa amepita nyuma, na nyuma ya ule ukumbi kuna kipande cha nyasi, halafu ua wa miiba ya kayaba, na ng'ambo ya ua ardhi inateremka hadi mto Sosiani. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo. Mto ulisikika kutoka pale getini.

Nilizunguka ukumbi. Kwenye ua, mahali ambapo watu wametoboa njia, niliona viatu vyake.

Vilikuwa vimepangwa sambamba, vyeusi, na soksi zimekunjwa ndani, kila moja kwenye kiatu chake. Mzee wangu ni mtu nadhifu. Akivuka mto kwetu kwenda ng'ambo, huvua viatu na kuvipanga hivyo hivyo kwenye ukingo kabla ya kuvibeba. Viatu hivi hakuna aliyevibeba. Niliviangalia, na nitasema ukweli, kwa muda kidogo nilitaka kurudi ndani nikakae na wale watu waliokuwa wakiomba, nisiende kuona. Nilijiona tayari nikiwapigia watoto simu, na sikujua ningeanza na yupi.

Nikaita, "Mzee!" Hakukuwa na jibu, ni mto tu. Nikapenya kwenye ule ua, kayaba ikanivua kitambaa cha kichwa, nikakiacha huko.

Alikuwa kwenye mteremko, suruali ameikunja hadi katikati ya miguu, anatembea kwenye nyasi zilizolowa. Alitembea polepole sana, akiweka kisigino, halafu unyayo, halafu vidole, akisimama, akianza tena, kichwa kimeinama. Chini yake mto ulikuwa unapita, mwekundu, umejaa. Niliteremka nikamshika mkono wa koti kwa nguvu mpaka akayumba.

"Mmemaliza kuomba?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipokasirika. Jamani, nilikasirika. "Viatu! Kwa nini umeacha viatu pale? Unataka kuniua?"

Aliangalia miguu yake, halafu akaniangalia mimi. "Madam alisema tutembee bila viatu, tusikie miguu. Wiki iliyopita. Kule ndani kelele zilikuwa nyingi, nikatoka."

"Hakusema hivyo."

"Alisema. Ulikuwa unaniangalia mimi, hukumsikia."

Nilikuwa bado nimemshika lile koti, na mto ulikuwa pale pale chini yetu. Nikajua nikinyamaza sasa nitanyamaza mpaka siku nitakayokuta viatu bila mtu. Basi nikauliza. Nilitaka sauti iwe ya upole kama ya Madam, ikatoka kali, kama ninamgombeza mtoto.

"Ulikuwa unaenda kujitupa mtoni?"

Mzee wangu alifundisha darasa la nne miaka mingi, hajibu swali kabla ya kulifikiria.

"Nilipopita kwenye ua niliuangalia mto," akasema. "Sitakudanganya. Niliuangalia kama nilivyoangalia ile rafu. Halafu nyasi zikawa baridi sana. Nikaanza kusikia miguu." Akageuka akanitazama. "Nimekuwa nikingoja uniulize tangu siku ile ya stoo. Unaniangalia tu, Mama. Unaniangalia kama unavyomwangalia ng'ombe anayekaribia kuzaa. Kuuliza hata siku moja hujauliza."

Nilikaa chini kwenye zile nyasi zilizolowa, na sketi yangu ya kanisani. Yeye akakaa kando yangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu sasa neno lilikuwa limesemwa na nisingeweza tena kujidanganya kwamba nimelizua mimi. Lakini nilikuwa nimemshika. Tulikaa hivyo mpaka Madam akaja na kile kitambaa changu mkononi, akatuona, akakaa na yeye bila kutuuliza chochote. Baadaye mzee mwenyewe alimweleza habari ya mto na ile rafu, kwa maneno yale yale, na siku hiyo hatukurudi nyumbani kabla ya daktari kumwona.

Tuliendelea na kozi mpaka ikaisha. Yule mama wa Kaptagat alielezwa kuhusu kikengele, akasema sawa, na kila kikilia bado alisema Amina, kwa sauti ya chini. Dawa mzee anameza. Nimejifunza kufunga macho pia, ila kwa masharti yangu. Nikiyafunga na hofu ikipanda, nauliza, "Uko?" na yeye anajibu, "Niko." Madam aliniambia hiyo haimo kwenye mafunzo yake. Nikamwambia aiongeze.

Nyumbani ndivyo tunavyoishi. Ng'ombe nimemrudisha alivyozoea kusimama, nakaa nimeipa nyumba mgongo. Nikikamua naita kupitia ukuta wa mbao, "Uko?" na sauti yake inatoka barazani, "Niko." Kuna siku anaongeza maneno, kwamba mvua inakuja, kwamba kuku wameingia kwenye mboga za sukuma. Kuna siku ni hilo neno moja tu, na najua siku hizo ni mbaya, na tukimaliza maziwa naenda namuuliza lile swali lote, moja kwa moja, na ananijibu.

Jana jioni niliita na hakujibu. Mkono wangu ukakwama kwenye chuchu ya ng'ombe, ndoo ikanyamaza. Nikaita tena. Nilikuwa nimeshasimama, stuli imeanguka nyuma yangu, aliposema kutoka karibu sana, pale mlangoni pa zizi, "Niko, Mama. Nilikuwa natafuta viatu vya gamubuti." Kisha akaokota ile stuli, akaniwekea nikae, akaniangalia kwa muda.

"Na wewe," akasema, "uko?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikaa, nikashika tena chuchu, na nikakuta sina jibu tayari.